UZI: Kwa nini basi la ghorofa linapita njia za mashamba pwani ya Uingereza?

#1 Mnazi Mkinda
Wakuu, salaam. Nina swali linanisumbua na najua humu kuna watu wa mabasi.

London basi la ghorofa halimshangazi mtu. Jiji la mamilioni, foleni kila kona, inaeleweka. Sasa nendeni kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Dada yangu anafanya kazi kule, nimeenda kumsalimia, nikapanda basi la ghorofa kutoka Newport kwenda Freshwater Bay. Barabara yenyewe kuna mahali magari mawili yakikutana, moja lazima lijibanze ukingoni. Kulia ng'ombe, kushoto bahari. Juu tulikuwa watu wanne na mbwa. Matawi yanagonga kioo cha mbele mpaka unainamisha kichwa bila kutaka.

Wenyeji wanasema wameyakuta hivyo tangu enzi za babu zao. Nani alianzisha basi la ghorofa kwenye njia za mashamba, tena pwani? Na kwa nini wasiweke Kosta wakamaliza kazi?

#2 Spana 17
Mnazi, umegusa fani yangu. Nipo karakana ya mabasi huku pwani ya kusini.

Anzia mwaka 1927. Kabla ya hapo mabasi ya ghorofa mengi hayakuwa na paa, yalikuwa na tairi za mpira mgumu, na yalikaa juu sana. Leyland wakatoa Titan TD1, mhandisi mkuu akiwa G. J. Rackham. Chesisi ikashushwa. Kisha ghorofani, badala ya ujia kupita katikati ya siti, wakauweka pembeni, upande wa dereva, wakauzamisha chini. Siti zikawa benchi za watu wanne wanne. Basi likawa na kimo cha futi 13 hivi, wakati la kawaida lilikuja kuwa futi 14 na nusu. Sasa likaweza kupita chini ya madaraja ya reli ambayo la kawaida lingeacha paa lake hapo. Njia nyingi za vijijini zilifunguka kwa ajili ya ujia ule wa pembeni.

Ubaya wake, sakafu ya ujia inaning'inia juu ya vichwa vya abiria wa chini, upande wa kulia. Karakana tuliwahi kuletewa basi moja la aina hiyo, la mtu anayeyahifadhi. Nikakaa siti ya dirishani upande huo. Mgongoni mwa siti ya mbele kuna kibao kinakuonya uinamishe kichwa unapoinuka, na dari ya hapo imechakaa rangi kwa vichwa vya waliosahau.

#3 Binti Mkoani
Ya chuma nayaheshimu, kaka Spana, lakini jawabu ni watoto wa skuli.

Nafanya kazi kwenye skuli moja ya sekondari Dorset, kijijini. Njoo usimame kituoni kwetu kabla ya kengele ya asubuhi. Basi linakuja limejaa juu na chini, mikoba mpaka kwenye ngazi, dereva hana hata pa kugeuza shingo. Saa nne basi hilohilo linarudi njiani na bibi wawili na mkokoteni wa sokoni. Mgeni anayelipanda saa nne atajiuliza maswali kama ya Mnazi. Kampuni hainunui mabasi mawili, moja la asubuhi na moja la mchana. Inanunua kwa kipimo cha safari iliyojaa kuliko zote, halafu siku nzima linazunguka tupu.

#4 Mzee wa Reli
Nyote mnazunguka mbuyu. Waliojaza mabasi ni waliong'oa reli. Ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli, ya mwaka 1963 ilifuta maelfu ya maili za reli Uingereza, na matawi ya pwani yaliumia sana. Treni ilikuwa ikibeba watu mia kadhaa kwa mkupuo mmoja. Ikiondoka, unawapakia kwenye nini? Kosta?

Kisiwa cha Wight ni mfano mzuri. Palikuwa na treni za kwenda Freshwater, Ventnor, Bembridge na Cowes. Leo umebaki mstari mmoja tu wa usafiri wa kila siku, kutoka gatini Ryde hadi Shanklin.

#5 Spana 17
Mzee wangu, kwa kisiwa cha Wight usimbebeshe Beeching kila kitu. Ventnor West ilifungwa 1952. Freshwater na Bembridge 1953. Newport hadi Sandown 1956. Hizo zote zilikufa kabla ya ripoti yake. Zilizofungwa baada yake ni Ryde hadi Cowes kupitia Newport, na kipande cha Shanklin hadi Ventnor, zote 1966.

Halafu ujiulize kwa nini zilikufa mapema hivyo. Basi la ghorofa lilikuwa limeshazichukulia abiria. Southern Vectis, kampuni ya mabasi ya kisiwani, ilianzishwa kwa jina hilo mwaka 1929, na kampuni ya reli ya Southern Railway yenyewe ilikuwa na hisa ndani yake. Basi lilisimama mlangoni pa mtu, treni ilimshusha nusu maili kutoka kijijini. Wewe unasema reli iliondoka basi likajaa. Mimi naona basi lilijaa kwanza, reli ikaondoka.

#6 Mzee wa Reli
Lililotangulia tutabishana mpaka kesho. Lakini hukunijibu mia kadhaa wa siku moja wanapakiwa kwenye nini.

Ongezeni na hili. Treni iliyobaki pale kisiwani inapita handaki la Ryde lenye dari fupi mno, treni za kawaida za Uingereza hazipiti. Ndiyo maana tangu 1967 wanatumia treni zilizostaafu za chini ya ardhi ya London. Hata zinazotembea sasa, zilizoanza 2021, asili yake ni District Line. Treni ikapunguzwa kimo, basi likabaki na ghorofa yake. Abiria anashuka kwenye treni ambayo mrefu huinama, anapanda basi la ghorofa mbili hapohapo kituo cha Esplanade, Ryde.

#7 Kigoda cha Nyuma
Jamani, mbona hakuna aliyetaja watalii? Pwani hiyo. Watu wanalipa nauli kukaa juu waone bahari.

Njia ya 12 ya Brighton kwenda Eastbourne naipanda kwenda kazini. Likitoka Seaford linashuka bonde la mto Cuckmere, pale Exceat kuna daraja jembamba la gari moja moja, linasubiri zamu, kisha linapanda kilima. Ukiwa chini unaona majani ya kingo za barabara. Ukiwa juu unaona mto unavyojipinda hadi baharini. Jumamosi ya kiangazi vijana wa Kijapani na Wachina wanapanda na begi kwenda majabali ya Seven Sisters, foleni inazunguka kituo. Hayo mabasi yangekuwa ya chini tu, nusu yao wangebaki barabarani.

Na si jambo jipya. Southdown, kampuni iliyoshika pwani ya Sussex tangu 1915, kati ya 1957 na 1967 ilipokea Leyland Titan PD3 zipatazo 285. Watu waliyaita Queen Mary, jina la meli. Mengine paa lake liliweza kung'olewa kiangazi na kurudishwa baridi ikianza.

#8 Binti Mkoani
Kigoda, watalii wanakuja miezi mingapi? Skuli inafunguliwa Septemba na mvua zake zote.

#9 Kigoda cha Nyuma
Na skuli inafungwa wikiendi zote na Agosti nzima, dada Binti. Basi halifungwi.

#10 Chesisi
Wote mna kipande cha ukweli lakini mmeruka sheria, na sheria ndiyo iliyoamua umbo.

Kanuni zilizotoka baada ya sheria ya barabara ya mwaka 1930 ziliweka ukomo wa urefu. Basi la ghorofa lenye ekseli mbili lisizidi futi 26. Basi la chini lisizidi futi 27 na inchi 6. Hilo la chini lilikuwa linabeba watu 35 hivi wamekaa. La ghorofa, ambalo ni fupi kwa futi moja na nusu, linabeba zaidi ya 50. Fikirieni kona za Cornwall na Devon, ukuta wa mawe kushoto, ukuta wa mawe kulia. Unataka gari refu au gari fupi? Fupi. Na bado unataka siti. Huwezi kurefuka, huwezi kupanuka, basi unapanda juu.

Mnazi, ulipouliza kwa nini hawakuweka kitu kidogo: kwa urefu wa barabarani, la ghorofa ndilo lilikuwa dogo.

Ukomo ulilegezwa kidogo kidogo. 1956 la ghorofa likaruhusiwa futi 30. 1961 la chini likaruhusiwa futi 36, ndipo basi la chini likaanza kubeba watu wa kutosha, lakini kwa urefu unaoziba njia ya shambani.

#11 Mnazi Mkinda
Chesisi, hiyo sikuwahi kuifikiria kabisa. Shukrani.

Sasa nauliza zaidi. Kama kimo kilikuwa tatizo na ujia wa pembeni ulikuwa unawaumiza watu vichwa, waliuvumilia mpaka lini?

#12 Spana 17
Mpaka kampuni ya Bristol walipoleta basi la Lodekka. Magari ya majaribio yalitoka 1949, uzalishaji wenyewe ukaanza miaka ya 1953 na 1954, ukaisha 1968. Ujanja wake uko chini. Walibadilisha mpangilio wa ekseli ya nyuma na shafti inayopeleka nguvu nyuma, sakafu ya chini ikashuka, kwa hiyo juu wakarudisha ujia katikati kama basi la kawaida na bado kimo kikabaki futi 13 na nusu hivi. Benchi za watu wanne kwaheri.

Bodi zake zilijengwa na Eastern Coach Works, Lowestoft, mji wa baharini kabisa, mashariki. Ila Bristol wakati huo ilikuwa mali ya serikali, ikiuzia kampuni za serikali tu. Wengine walioitamani walinunua Dennis Loline, iliyotengenezwa kwa leseni ya Bristol. Ndiyo maana ukiangalia picha za zamani za pwani, unaweza kujua kampuni ipi ilikuwa ya serikali kwa kutazama basi tu. Southdown alikuwa na Titan, jirani yake Hants & Dorset alikuwa na Lodekka.

Kiwanda cha Lowestoft kilifungwa 1987. Ukizungumza na mafundi wazee wa huku, hiyo habari bado inawauma.

#13 Mchanga wa Shella
Naam jamaa. Mimi niko Bournemouth, mtu wa Lamu.

Kuna safari moja hamjaitaja nayo ndiyo naipenda kuliko zote. Njia ya 50, Bournemouth kwenda Swanage. Kiangazi wanatia basi la ghorofa lisilo na paa. Linafika Sandbanks, barabara inaisha, mbele maji. Basi linaingia kwenye feri. Feri yenyewe inavutwa kwa minyororo iliyolazwa chini ya bahari, imekuwapo tangu 1926. Abiria hatushuki. Unakaa juu ya ghorofa, ghorofa iko juu ya feri, unaangalia mashua za Poole zinapita chini yako. Ng'ambo ya pili hakuna mji, ni mchanga na vichaka vya Studland mpaka mbali.

Likoni utashuka, uingie kivukoni kwa miguu pamoja na umati, basi lako ulitafute ng'ambo. Mara ya kwanza hapa nilisimama kwa mazoea nikielekea ngazini, mama mmoja wa Kizungu akanivuta mkono akanambia keti mwanangu.

#14 Pantoni
Mchanga, hata Kigamboni tunashuka, ila pale sababu ni usalama, na mimi naiunga mkono. Kivuko cha dakika tano kimejaa si mchezo.

#15 Kigoda cha Nyuma
Turudi ghorofani kabla uzi haujazama kivukoni 😄

Kuna hili la majina. Kampuni ya Devon General, 1961, ilinunua Leyland Atlantean tisa za kung'oa paa kwa ajili ya pwani ya Torbay. Kila moja ilipewa jina la nahodha wa zamani wa Kiingereza, Drake, Raleigh, Grenville, Hawkins na wenzao. Wakayaita Sea Dogs. Rangi krimu na nyekundu, yamepigwa picha mno.

#16 Binti Mkoani
John Hawkins huyo ndiye aliyeanza safari mwaka 1562 kwenda Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. Jina lake likapakwa kwenye basi la kupeleka watoto ufukweni. Sisemi basi lina kosa. Nasema aliyechagua majina yale alijua nusu ya hadithi, au alijua yote na hakujali. Siwezi kuipita habari hiyo kimya.

#17 Mzee wa Reli
Umesema vyema, binti yangu. Na liandikwe humu.

#18 Tiketi ya Mkoba
Nimefanya ukondakta na baadaye udereva, kwa hiyo niruhusuni nitie la mishahara. Mnasema sheria ya urefu, lakini kulikuwa na sheria ya watu pia. Zamani basi la ghorofa lazima liwe na kondakta. La chini dereva peke yake aliruhusiwa kuliendesha na kukata tiketi. Kwa hiyo kampuni zikaanza kuondoa ghorofa kwenye njia za mashamba zisizo na pesa, zikaweka basi la chini na dereva mmoja. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 60 hali ilikuwa inaelekea huko.

Julai 1966 ikaruhusiwa dereva mmoja kwenye ghorofa. Hapo tena yale yenye injini nyuma na mlango mbele kando ya dereva, kama Atlantean ya 1958 na baadaye Bristol VR, yakapata maana mpya. Halafu sheria ya usafiri ya 1968 ikaleta ruzuku ya serikali kwa mabasi mapya yanayofaa dereva mmoja. Kwa hiyo Mnazi, ghorofa unayoiona kijijini leo haikuendelea moja kwa moja tangu babu zao. Ilikaribia kuondoka, ikarudi kwa sababu kondakta ameondolewa.

Kazi zetu ndizo zilizolipa.

#19 Chesisi
Kwa Wight haikukaribia kuondoka. Southern Vectis ilikuwa na ghorofa muda wote, na bado inalo Bristol K5G la mwaka 1939, namba CDL 899, lililokatwa paa 1959. Wanaliita Old Girl. Kampuni iliyolinunua likiwa jipya ndiyo iliyonalo mpaka leo.

#20 Tiketi ya Mkoba
Chesisi, basi moja la kumbukumbu halinionyeshi ratiba ya njia ya kijijini mwaka 1960. Nimezungumzia njia zisizo na pesa. Njia za ufukweni zilikuwa na pesa.

#21 Fundi Matawi
Hapa ndipo kwangu. Mnazi aliandika matawi yanagonga kioo. Hayo matawi yana bajeti yake.

Basi likipita njia moja kila siku, linajikatia umbo lake kwenye miti. Tazameni barabara yoyote yenye ghorofa, matawi yameacha nafasi ya mraba juu yake. Kampuni nyingi zilikuwa na gari la kupogolea. Walichukua basi kuukuu la ghorofa, wakalikata paa, wakalisimamishia mafundi juu wenye misumeno, likatangulia njiani majira ya kuchipua. Siku hizi kazi hiyo wanapewa wakandarasi au halmashauri, na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Angalieni pia kona ya juu ya mbele, upande wa kushoto, upande wa miti. Mabasi mengi ya njia hizi yana chuma kilichopinda kama mkono kinachoshuka mbele ya kioo pale. Kinapokea tawi kabla kioo hakijapokea. Niligusa kimoja kilichofunguliwa gereji: rangi imeondoka yote mbele, chuma kimelainika kama mpini wa jembe uliotumika miaka. Nyuma rangi bado mpya.

#22 Jogoo wa Umoja
Niulize swali la mtu wa Nairobi. Mbona kwetu ghorofa hazikudumu? Tulikuwa nazo za KBS, Kenya Bus Service, nilizipanda nikiwa mtoto. Zilikuwa ndefu, tairi mbili nyuma kila upande.

#23 Spana 17
Jogoo, hizo zitakuwa Dennis Dragon, za ekseli tatu, chapa iliyotengenezwa kwa ajili ya Hong Kong. Miaka ya 1990 Stagecoach ya Uskoti ilikuwa na KBS, wakazileta. Malawi pia walipeleka. Stagecoach ilipouza sehemu yake ya KBS mwaka 1998, baadhi ya Dragon zikarudishwa Uingereza, zikafanya kazi Manchester kwa jina la Magic Bus, zikibeba wanafunzi wa chuo kikuu kwenye barabara ya Wilmslow.

#24 Jogoo wa Umoja
Unaniambia basi nililopanda Jogoo Road huenda lilibeba mtu Manchester? Hiyo naenda kumwambia mzee leo.

#25 Kigoda cha Nyuma
Muulize kama bado anadaiwa nauli 😄

#26 Pantoni
Na upepo je? Pwani ya Uingereza inavuma vibaya. Ghorofa halianguki?

#27 Spana 17
Kabla basi la ghorofa halijaruhusiwa barabarani, aina yake inapimwa kwa kuinamishwa. Juu linawekewa mizigo ya uzito wa abiria, chini tupu, kisha jukwaa linainuliwa upande mmoja hadi nyuzi 28. Lazima lisimame. Uzito mkubwa uko chini, injini, ekseli, gia. Bodi ya juu ni alumini na faiba.

Upepo wa ubavuni ni habari nyingine. Daraja la barabara la Forth, Uskoti, upepo ukizidi kiwango ghorofa zinazuiwa. Na kwenye njia za juu ya majabali kampuni hubadilisha, siku ya tufani zinatoka za chini.

Mimi adui ninayemwogopa ni chumvi. Hewa ya bahari na chumvi ya barabara wakati wa barafu vinakutana chini ya sakafu. Unainua kifuniko cha betri unakuta bano limekuwa unga wa kijani.

#28 Mchanga wa Shella
Na ardhi yenyewe inakwenda. Kisiwani Wight, Februari 2014 barabara ya Undercliff kati ya Niton na Ventnor iliporomoka. Basi lililokuwa likipita pale likapelekwa njia nyingine. Military Road nayo, ile ya kutoka Freshwater Bay, jabali linaisogelea kila baridi. Ilijengwa kwa ajili ya wanajeshi karne ya 19, ikafunguliwa kwa umma miaka ya 1930.

#29 Dada wa Mnazi
Hodi. Kaka kanitumia kiungo, nimesoma yote.

Mimi naishi hapa na sina gari, basi ndiyo miguu yangu. Wenzangu kazini, wauguzi na walezi, wengi vilevile. Mnabishana juu ya watoto na watalii, mmewasahau wazee. Tangu Aprili 2008 mzee Uingereza ana pasi ya kupanda bure mabasi ya huduma za kawaida England nzima, siku za kazi baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Saa tatu na nusu ikigonga, kituo cha Newport kinajaa. Wenye magoti mabaya wanakaa chini na vibebeo vyao, wenye nguvu wanapanda juu. Bila ghorofa mimi nisingepata siti baada ya zamu ya usiku.

Halafu Januari 2023 serikali ikaweka nauli isizidi pauni mbili kwa safari moja. Tuliokuwa tunahesabu senti tulipumua. Mwaka 2025 ikapanda hadi tatu.

Kaka, mlimani kwenda ngome ya zamani ya Needles hukufika. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, basi la ghorofa lisilo na paa ndilo linapanda, jabali liko chini ya tairi. Ungekuwa na swali jingine.

#30 Kigoda cha Nyuma
Karibu dada. Umemaliza ubishi wa skuli kwa upole.

#31 Binti Mkoani
Hakumaliza. Saa tatu na nusu ya wazee inakuja baada ya watoto kushuka. Basi lilikuwapo tayari, na lilinunuliwa kwa ajili yao.

#32 Chesisi
Muda huu wote hakuna aliyetaja Beverley, kule Yorkshire. Hapo panajibu mengi. East Yorkshire, kampuni ya Hull, mabasi yake ya kwenda upande wa pwani yalipita chini ya lango la kale la mji wa Beverley, North Bar, tao la matofali lenye ncha juu. Badala ya kutumia basi la chini, kuanzia miaka ya 1930 waliagiza ghorofa zenye paa lililoinama pande zote kama tao lenyewe. Madirisha ya juu yameingia ndani. Walifanya hivyo miongo zaidi ya mitatu.

Kampuni inayokubali kuchonga paa la basi lifanane na lango haisukumwi na watoto wala wazee peke yao. Ilikuwa na abiria wa kutosha kila saa, na imani kwamba siti ya juu ni lazima.

#33 Tiketi ya Mkoba
Au ilikuwa na bei nzuri kutoka kwa mjenzi wa bodi. Tusiwape imani watu wa hesabu.

Mmesahau pia ya mitumba. Baada ya Oktoba 1986, njia zilipofunguliwa kwa ushindani, ghorofa kuukuu za mijini zilimwagika sokoni bei ya chini. Kampuni ndogo ya kijijini ilinunua ghorofa la miaka 15 kwa pesa isiyotosha basi dogo jipya. Nimeendesha hayo. Gia nzito, hita haifanyi kazi, lakini siti 70 na zaidi. Hilo nalo ni jawabu la "kwa nini si Kosta". Kosta mpya ilikuwa ghali kuliko ghorofa kuukuu.

#34 Mnazi Mkinda
Asanteni sana, wakuu. Nina majibu saba na hayaelewani, nimeyapenda yote. Dada, Julai nakuja tena. Kuna mahali pa kuyaona hayo ya zamani kwa karibu, niingie chini nipime kichwa changu na dari ya Spana?

#35 Dada wa Mnazi
Lipo jumba la makumbusho ya mabasi Ryde, Park Road. Tutaenda Jumapili, Jumamosi nina zamu.

#36 Binti Mkoani
Mkifika waulizeni wazee wa pale mabasi mangapi yalikuwa na mkataba wa skuli miaka ya 60 na 70. Mjibu humu, na Kigoda asome.

#37 Tiketi ya Mkoba
Na waulizeni kondakta wa mwisho kwenye njia ya Freshwater aliondolewa mwaka gani. Nahitaji mwaka, Chesisi ananisubiri.